Lami Inapofika, Duka Linafungwa: Kwa Nini Miji ya Mikoa Inakua na Miji Midogo Inanyong'onyea

Waulize wanafunzi kumi wa mwaka wa tatu hapa chuoni wanataka kuishi wapi wakishamaliza. Utasikia Dar, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya. Atakayejibu Kilosa, Pangani au Nachingwea watu watamgeukia, na hakosekani wa kumuuliza kama yuko sawa. Wakati huo huo wengi wetu tumetoka miji ya namna hiyo. Wazazi wapo huko, shule tulizosoma zipo huko, na fedha za kutuleta hapa zilitoka huko.

Hili si suala la tabia ya vijana peke yake, kwamba eti "vijana wa siku hizi wanapenda mjini". Lina kanuni zake, lina historia yake, na lina maamuzi ya serikali ndani yake. Anayesoma Jiografia, Uchumi au Mipango Miji atakutana nalo darasani. Asiyesoma hayo atakutana nalo akianza kutafuta kazi. Tulichambue taratibu.

Kwanza tuelewane: mji kufifia maana yake nini?

Tukisikia mji umefifia tunafikiria nyumba tupu na mitaa isiyo na watu. Hali hiyo ipo katika baadhi ya nchi za Ulaya na Japani, ambako watoto wanaozaliwa ni wachache. Kwetu haiko hivyo. Tanzania ilikuwa na watu takriban milioni 44.9 katika sensa ya 2012, na milioni 61.7 katika sensa ya 2022. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 37 kwa miaka kumi. Watu wanaongezeka karibu kila mahali, mji mdogo nao ukiwemo.

Kwa hiyo kipimo chetu kiwe hiki: mji umekua kuliko nchi au chini ya nchi? Jiji la Dodoma lilitoka watu takriban 411,000 hadi 765,000 kati ya sensa hizo mbili, ongezeko la asilimia 86. Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, ilitoka kama 706,000 hadi milioni 1.1, ongezeko la asilimia 56. Hiyo ni miji inayovuta watu. Sasa chukua mji wowote ulioongezeka kwa asilimia 15 katika kipindi hicho hicho. Kwenye makaratasi umekua. Lakini kama watoto wanaozaliwa pale ni wengi kama kwingineko, basi watu wengi wameondoka, na kwa kawaida wanaoondoka ni wenye miaka kati ya 18 na 35.

Tahadhari moja kwa wanaopenda takwimu: angalieni mipaka. Manispaa ya Moshi ilitoka kama 184,000 hadi 222,000, ongezeko la asilimia 20 tu, na ni makao makuu ya mkoa. Usikimbilie kusema Moshi inakufa. Manispaa yenyewe ni ndogo kwa eneo, na anayejenga leo anajenga nje ya mpaka wake, halafu anahesabiwa kwenye wilaya ya jirani.

Kuna kufifia kwingine ambako sensa haikuonyeshi: kupoteza kazi za mji. Mji ni mji kwa sababu watu wa vijijini wanaufuata kwa jambo fulani: kuuza mazao, kununua bati, kutibiwa, kwenda mahakamani, kufuata benki. Mambo hayo yakihama moja moja, watu wanaweza kubaki wale wale na mji usiwe mji tena, bali kijiji kikubwa chenye kituo cha polisi.

Somo la friji

Mwaka 1933 Mjerumani Walter Christaller alichapisha kazi yake kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani. Alitaka kujua kwa nini miji imekaa vile ilivyokaa, midogo mingi na mikubwa michache. Majibu yake yanasimama juu ya mambo mawili. La kwanza tuliite kizingiti: idadi ya chini ya wateja ambao biashara inawahitaji ili isife. La pili tuliite upeo: umbali ambao mteja yuko tayari kusafiri kufuata bidhaa au huduma.

Chumvi ina kizingiti kidogo na upeo mfupi. Nyumba hamsini zinatosha kuweka genge, na hakuna atakayepanda basi kufuata chumvi. Miwani ni habari nyingine. Mpima macho anahitaji maelfu ya watu wamzunguke, na mgonjwa yuko tayari kusafiri nusu siku kumfuata. Ndiyo maana chumvi iko kila mtaa na mpima macho yuko mjini.

Sasa tuweke barabara kwenye hesabu. Tuseme friji inauzwa shilingi 650,000 katika mji wa wilaya, na 580,000 mkoani. Barabara ni ya vumbi. Kwenda, kulala, kurudi na kusafirisha mzigo kunakula 100,000. Friji ya mkoani basi inakufikia kwa 680,000, na mtu mwenye akili ananunua pale pale wilayani. Lami inajengwa. Unakwenda asubuhi, unarudi jioni, gharama zote 40,000. Friji ya mkoani sasa ni 620,000. Mteja keshaondoka.

Hapo mkoani hakuna aliyeshusha bei, na mwenye duka wa wilayani hajafanya uzembe wowote. Kilichobadilika ni barabara tu: upeo wa mji mkubwa umerefuka, ukameza wateja wa mji mdogo, na duka la wilayani likashuka chini ya kizingiti. Likifungwa la friji, linafuata la vipuri, halafu la vitabu. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha makala haya. Lami ambayo mbunge aliiombea kura, na ambayo wananchi waliipigia vigelegele siku ya uzinduzi, inaleta bidhaa na pia inaondoa wateja. Barabara haina upande.

Mwaka 1957 mchumi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, aliliendeleza jambo hili. Alisema eneo likishatangulia kidogo, kutangulia kwenyewe kunalisha kutangulia zaidi. Kiwanda kinaleta wafanyakazi, wafanyakazi wanaleta maduka, maduka yanaleta kodi, kodi inaleta barabara na umeme, navyo vinaleta kiwanda cha pili. Kwa upande wa pili, eneo lililochelewa linanyonywa vijana, akiba na wafanyabiashara wake. Zipo faida zinazosambaa kurudi nyuma, mathalani mji mkubwa unanunua chakula cha vijijini, ila Myrdal aliona kwamba zikiachwa zenyewe katika nchi maskini huwa dhaifu kuliko unyonyaji. Maji hufuata mkondo.

Miji iliyopitwa na zamu

Haya si mapya kwetu. Pwani na bara ya Tanzania imejaa miji ambayo ilikuwa mikubwa kabla jirani yake hajazaliwa.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara na makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bandari: meli za mvuke zilihitaji kina cha maji, na Bagamoyo ni maji mafupi. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa 1905 ilianzia Dar, na mambo yakaisha. Reli hiyo ilifika Ziwa Tanganyika 1914, lakini haikwenda Ujiji, mji mkongwe ambako Stanley alimkuta Livingstone 1871. Ilikwenda Kigoma, penye bandari nzuri zaidi. Leo Ujiji ni nusu ya jina la manispaa.

Kusini ni hivyo hivyo. Mikindani ulikuwa mji wa biashara wakati Mtwara haina maana kwa mtu yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947, ikahitajika bandari yenye kina, ikajengwa Mtwara. Reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mpango wa karanga ukafa 1951. Karanga hazikuota walivyotarajia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikaachwa na kung'olewa. Mtwara ilibaki na bandari yake na baadaye ikawa makao makuu ya mkoa. Nachingwea ilibaki na kumbukumbu.

Tazameni pia Kilosa. Ilikaa juu ya Reli ya Kati, katikati ya mashamba ya mkonge. Halafu mambo mawili yakaanguka kwa pamoja. Mkonge wa Tanzania, uliofikia takriban tani 230,000 mwaka 1964, ulishuka hadi kama tani 20,000 tu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamba za nailoni ziliubomoa soko la dunia, na usimamizi wa mashamba baada ya kutaifishwa haukusaidia. Pili, abiria na mizigo vilihama kutoka reli kwenda barabara, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma haipiti Kilosa. Inapita Dumila na Gairo. Ukipita leo utaona nyanya, vitunguu na mahindi vinavyoshindaniwa pembeni ya lami katika miji hiyo ya barabarani, wakati mji wa wilaya wenye majengo ya zamani umekaa kando. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli yenyewe kati ya Kilosa na Gulwe.

Tukijumlisha mifano hii tunapata fundisho moja: mji unaoishi kwa zao moja, njia moja au mwajiri mmoja unaishi kwa kuazima. Mwenye mali akija kuichukua, mji hauna pa kushika.

Mkono wa serikali

Tusisingizie soko kila kitu. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa iwe vituo vya ukuaji ili kupunguza mzigo wa Dar es Salaam: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Wazo lilitokana na Mfaransa François Perroux: weka viwanda mahali pachache, navyo vitavuta eneo lote. Ndipo tukapata General Tyre pale Arusha, kiwanda cha mbolea Tanga, Zana za Kilimo Mbeya.

Soma tena orodha hiyo ya tisa. Mitano kati yake leo ni majiji: Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Minne iliyobaki ni manispaa. Viwanda vingi vya wakati ule vilikuja kufa au kubinafsishwa, lakini miji haikufa, kwa sababu ilishapewa barabara, hospitali, vyuo na ofisi. Kwa maneno mengine, orodha iliyoandikwa ofisini zaidi ya miaka hamsini iliyopita bado inaamua mimi na wewe tunatafuta chumba wapi.

Wakati miji tisa inanyanyuliwa, mingine ilikuwa inakatwa miguu. Mwaka 1972 uliletwa utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri, ila halmashauri za wilaya na miji zilifutwa na maamuzi yakakaa kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa na maghala, malori na mizani katika miji midogo ya mazao. Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982, lakini mwenye duka aliyehama miaka sita nyuma hakurudi.

Na hadi leo, njia ya haraka kuliko zote ya kuukuza mji ni kuupa hadhi. Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, ofisi zilikuja, na nyumba za kulala wageni zikafuata. Mikoa ya Geita, Njombe, Katavi na Simiyu ilipoundwa 2012, bei ya viwanja ilijibu kabla ya mtu yeyote. Hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wanagombana hadi kukosana kuhusu makao makuu yakae wapi.

Wapo wanaokataa kufa

Kama nadharia ingekuwa yote, mji usio makao makuu ya mkoa usingekua. Lakini nenda Tunduma. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe yapo Vwawa, ila watu wapo Tunduma: kutoka kama 97,000 mwaka 2012 hadi zaidi ya 219,000 mwaka 2022. Sababu ni mpaka wa Zambia na foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo. Nenda Kahama, iliyoipita Manispaa ya Shinyanga kwa idadi ya watu ilhali Shinyanga ndiyo makao makuu. Dhahabu ilisaidia, lakini mchele na barabara ya kwenda Rwanda na Burundi vilisaidia pia, na mgodi wa Buzwagi ulipofungwa 2021 Kahama haikugeuka Nachingwea. Nenda Makambako, penye njia panda ya Njombe na Songea na kituo cha TAZARA.

Miji hii ina jambo moja la pamoja: kila mmoja una kazi ambayo mji wa mkoa hauwezi kuifanya kwa niaba yake. Mpaka hauhamishiki, na njia panda haihamishiki. Mji mdogo unaojaribu kuuza friji zile zile zinazouzwa mkoani utashindwa. Unaokusanya, kupanga madaraja, kukoboa, kusindika au kuhudumia kinachotoka mashambani mwake una pa kusimamia.

Je, ni vibaya?

Mwenzangu wa Uchumi atasema: acha tu. Nchi maskini haiwezi kuweka daktari bingwa kila wilaya. Afadhali Bugando moja iliyokamilika pale Mwanza kuliko hospitali kumi zisizo na vifaa. Watu wanaokaa karibu karibu wanafundishana, wanapata ajira kirahisi, na umeme unawafikia kwa gharama ndogo.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa huduma za juu, na tuikubali. Tatizo ni kwamba tunaitumia hata pasipohusika. Kupasua moyo kunahitaji mji mkubwa. Kuhifadhi mahindi hakuhitaji. Kubangua korosho hakuhitaji jiji, na bado vingi vya viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 viliishia kuwa maghala, huku korosho ghafi ikipanda meli. Pia gharama ya msongamano hailipwi na anayeamua. Anailipa anayepanga chumba kisicho na maji pembezoni mwa jiji, anayesimama kwenye daladala saa mbili, na mama aliyebaki wilayani anayelazimika kupoteza siku nzima na nauli kufuata huduma iliyokuwa mlangoni pake.

Kwa hiyo msimamo wa makala haya ni huu: tusigombane na ukuaji wa Dodoma au Mwanza, ila tuache kujenga miji midogo kama vituo vya kupandia basi kwenda mkoani. Mambo matatu yanawezekana.

La kwanza, barabara za kuingia mjini kutoka vijijini zipewe uzito kama ile inayotoka mjini kwenda mkoani. Barabara hizo ziko chini ya TARURA tangu 2017. Mji mdogo uliounganishwa na mkoa tu unavuja. Uliounganishwa na vijiji vyake kwanza una cha kupeleka.

La pili, si kila ofisi, chuo au maabara ya kilimo lazima ikae makao makuu ya mkoa. Chuo cha ufundi chenye wanafunzi mia tano ni wateja mia tano wa mama lishe, wa fundi simu na wa mwenye nyumba. Sisi tunalijua hilo vizuri: boom likitoka, mtaa mzima unajua.

La tatu, reli mpya. Treni ya Dar hadi Dodoma ilianza kubeba abiria 2024, na Kilosa ina kituo. Kituo peke yake hakifufui mji. Kama treni zinapita bila kusimama, au zinasimama na hakuna ghala, soko wala daladala ya kuunganisha, Kilosa itaitazama reli ya pili ikiipita kama ilivyotazama barabara. Halmashauri zenye vituo zina miaka michache tu ya kupanga viwanja na maghala kabla ya wajanja kuvinunua na kuvifungia uzio.

Na sisi je? Mhitimu anayerudi mji wa wilaya anaonekana ameshindwa maisha. Lakini rudi kwenye kizingiti: mpima ardhi, daktari wa mifugo au mhasibu wa kwanza katika mji wa watu elfu thelathini hana mshindani. Wa mia tatu jijini anagombea tenda na wenzake mia mbili tisini na tisa. Kila mmoja apige hesabu yake mwenyewe, ila aipige kwa namba, si kwa aibu ya kijiweni.

Maswali ya mjadala

1. Chagua mji wa wilaya unaoufahamu. Orodhesha huduma ambazo watu wa vijijini walizifuata pale miaka ishirini iliyopita. Ngapi zimehamia mkoani, na zilihama kabla au baada ya lami?

2. Linganisha ongezeko la watu la mji huo kati ya 2012 na 2022 na lile la nchi, asilimia 37. Je, mipaka yake ilibadilika katikati?

3. Kenya ilianza kaunti 47 mwaka 2013, kila moja na fedha zake. Je, utaratibu huo unaokoa miji midogo, au unaongeza tu idadi ya miji inayonyonya?

4. Ungepewa uteue miji tisa leo, kama walivyofanya 1969, ungeiteua ipi, na ungewaambia nini wakazi wa mji wa kumi?